Ukuta Unaoota Jua

Jeruto alipopiga simu hakunisalimia. Alisema tu, "Rael, Mama ametuacha," nami nikakaa palepale nilipokuwa, juu ya lundo la kokoto mbele ya mafundi wangu, nikalia bila kujificha. Mmoja wao aliniuliza kama ni mama yangu mzazi. Nikamwambia hapana, nikashindwa kuendelea, kwa sababu sikuwa na neno fupi la kumweleza Mama Selina alikuwa nani kwangu. Hatukuwa na undugu. Hatukuwa hata majirani. Mwaka mmoja tu wa ujana wangu niliupitisha kwenye shamba lake, kando ya barabara ya kwenda Kaptagat, nikichanganya udongo mchana kutwa na kula ugali wake. Lakini kila nyumba niliyojenga tangu hapo, na sasa ni nyingi, nimeijenga kama mtu anayejibu swali aliloulizwa mwaka ule. Swali lenyewe lilikuwa dogo: je, mama mzee mwenye kifua kibovu anaweza kubaki kwake?

Nilikuwa nimetoka tu chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la uashi, na mikono yangu ilikuwa imekwaruzika kiasi kwamba nilikuwa naificha kanisani. Nilipofika kwa Mama Selina mara ya kwanza alinipeleka moja kwa moja jikoni, maana huko ndiko mgeni alikokaribishwa. Lilikuwa banda la mviringo la udongo na nyasi, lenye mafiga matatu katikati, na juu ya moto palikuwa na dari ya fito iliyosheheni kuni za kukauka, magunzi, na mahindi ya mbegu yaliyofukizwa moshi hadi yakawa rangi ya kahawa. Ukutani vilining'inia vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha yanayotiwa mkaa wa mti maalumu. Ndani mlikuwa na joto tamu, joto la kukufanya uvue viatu bila kuombwa. Na mlikuwa na moshi. Mama Selina alikuwa akinimiminia chai huku akikohoa, anageuza uso pembeni, anakohoa tena, kisha anaendelea na maneno yake kana kwamba aliyekohoa ni mtu mwingine. Hata leo nikisikia mtu akikohoa hivyo kwenye nyumba ya mteja, naacha mazungumzo ya mabati na kuuliza kwanza habari za jiko.

Daktari alikuwa amesema wazi: moshi ule ukiendelea, kifua kitamshinda. Jeruto, binti yake, alikuwa mwalimu mjini na aliishi katika nyumba ya kupanga Kapsoya. Jumamosi moja nikiwa nanawa mikono nje niliwasikia ndani, wakila ugali na mboga za sagaa, na sauti ya Jeruto ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia njiani. "Mama, si uje tu tukae na mimi. Huko kuna stima, kuna gesi, hautawasha moto hata siku moja." Mama Selina alitafuna polepole kabla ya kujibu. "Na huko Kapsoya nitafanya nini? Nitaangalia ukuta ya jirani? Ng'ombe nitamwachia nani? Baba yako nitamwachia nani?" Baba yake Jeruto alikuwa amezikwa nyuma ya boma, chini ya mti wa msindano aliopanda mwenyewe. Mwisho Jeruto akasema, "Basi tungoje hiyo nyumba ya mradi. Lakini tukifunga shule Agosti na bado unakohoa hivi, nakuja na pikapu. Na usinibishie." Mama Selina akasema haya. Nilimhurumia mama, nikamhurumia binti pia, maana kila mmoja alikuwa anaogopa kitu cha kweli.

Nyumba hiyo ya mradi ndiyo iliyonileta. Kulikuwa na shirika moja lililokuwa limejenga nyumba katika kijiji cha pwani, kule Kilifi, nyumba za matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa, ili msitu usikatwe kwa ajili ya tanuru, na zilizopangwa vizuri hivi kwamba watu walilala bila pangaboi wala umeme wa kuliendesha. Zilisifiwa sana. Wakaona wajaribu moja huku juu, na kikundi cha akina mama wa kanisa kikamchagua Mama Selina kwa sababu ya kifua chake. Wakatuma fundi wao bora, Athmani, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na maneno laini. Alishuka Eldoret mwezi wa Februari na shati la mikono mifupi. Jua lilikuwa kali siku hiyo, Februari yetu hudanganya wageni, naye akatazama mbingu akasema, "Kumbe hata huku mwachomeka! Basi kazi yetu ni ileile." Mimi nilicheka. Wote tulicheka, na hakuna aliyemwambia ngoja Juni.

Athmani alinifundisha kazi kuliko chuo kilivyonifundisha, na nasema hivyo kwa mapenzi. Alinionyesha kubana udongo kiganjani na kuudondosha ili kujua kama maji yametosha. Alinifundisha kusikiliza tofali kwa kuligonga. Alikuwa na msemo aliourudia kila asubuhi, akiniita Raheli kwa matamshi ya kwao: "Nyumba lazima ipumue, Raheli. Nyumba isiyopumua yakuchemsha kama kiazi." Hivyo tukajenga nyumba inayopumua. Chini ya mabati tuliacha matundu ya hewa pande zote. Upenu tuliutoa nje sana, na upande wa mashariki tukaufanya baraza pana yenye kiti cha kujengea, ili jua la asubuhi lisiguse ukuta na bibi akae kivulini kupunga upepo. Kuta tulizifanya nyembamba, tukazipaka chokaa nyeupe ya kurudisha mwanga. Jikoni tuliweka jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi nje, linalotumia kuni kidogo tu, na hilo lilikuwa zuri tangu siku ya kwanza hadi leo. Nyumba ilipendeza. Watu walisimamisha baiskeli barabarani kuitazama. Siku ya kuikabidhi mchungaji aliomba sala ndefu, watu wakala wali na nyama ya mbuzi, na Mama Selina akamshika Athmani mikono yote miwili akamwita mwanangu. Athmani akafuta macho kwa kofia yake.

Kisha mvua zikaingia. Nani asiyejua baridi ya huku Juni na Julai? Asubuhi jua hujitokeza vizuri, unadhani siku imekuwa njema, halafu alasiri wingu linatoka upande wa msitu na mvua ya mawe inapiga mabati, na jioni ukipumua unaona pumzi yako. Sisi tulikuwa bado shambani, tukijenga choo na tangi la maji. Kila jioni tulipokuwa tunaondoka Mama Selina alisimama kwenye mlango wa nyumba mpya, amejifunga leso mbili na sweta, akitupungia mkono. "Nyumba iko aje, Mama?" Athmani anauliza. "Iko sawa sana, mwanangu. Mungu akubariki." Lakini kikohozi kilikuwa hakipungui. Kilikuwa kinazidi. Athmani aliniuliza njiani, akiwa na wasiwasi wa kweli, kama huenda bomba la moshi limeziba. Tulilikagua. Lilikuwa safi kabisa, safi kupita kiasi, kama jiko ambalo halijawashwa.

Nilijua sababu kwa sikio, kama nilivyojua mambo mengi mwaka ule. Nilikuwa nimeinama nyuma ya tangi nikipiga plasta, Mama Selina na jirani yake Mama Kiptoo wakija na ndoo za maziwa. "Hii nyumba yako ni smart," alisema Mama Kiptoo. "Ni smart sana," alijibu Mama Selina. "Lakini baridi iko ndani, wacha tu. Upepo inaingia huku, inatokea huku. Mimi nalala kule jikoni ya zamani." Mama Kiptoo akashtuka. "Kwa moshi? Na daktari? Si umwambie fundi." Mama Selina akaweka ndoo chini ili akohoe vizuri. "Nimwambie nini? Ametoka mbali hivyo, ameacha watoto wake. Mtu akikuletea sukari kutoka mbali, unaanza kumwambia daktari amekukataza? Unasema asante, unaweka kwa kabati." Wakacheka wote wawili, cheko la kina mama wanaojuana. Mimi nyuma ya tangi sikucheka. Nilielewa kwamba kila jioni alikuwa anatuaga mlangoni, anangoja tupotee barabarani, kisha anavuka ua na kurudi kwenye moto wake. Ndivyo tulivyo huku kwetu. Mgeni haonyeshwi uso wa kutoridhika, hata kama heshima hiyo itakuua. Na Agosti ilikuwa inakaribia.

Nikaenda kumtafuta Athmani Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la mabati mjini, kwa Mzee Abdi, Msomali mpole aliyemwazima koti zito la jeshi ambalo Athmani alilivaa hata akila. Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa msichana mdogo, na yeye ndiye fundi, na nyumba ile ilikuwa fahari yake ya kwanza nje ya pwani. Niligonga. "Ingia upesi, ufunge!" aliita. Nikaingia, nikafunga, na macho yangu yalipozoea giza nikaona dirisha limezibwa kwa gunia. Tundu la hewa juu ya mlango lilikuwa limesokomezwa magazeti na shati kuukuu, lile lile la mikono mifupi. Chini ya mlango kulikuwa na blanketi limekunjwa. Naye ameketi kitandani, koti juu ya sweta juu ya kanzu, akinywa chai ya tangawizi kwa mikono miwili. Maneno yote niliyoyapanga yakanitoka. Nikasema, "Fundi. Na hii yako inapumulia wapi?"

Alinitazama. Akatazama tundu. Akatazama dirisha. Kisha akaanza kucheka, cheko la tumbo, mpaka chai ikamwagika kwenye koti la Mzee Abdi. "Wallahi umenikamata," alisema. Mimi nikaendelea kumtania, maana kicheko kilikuwa kimenipa nguvu: "Wanasema mganga hajigangi. Wewe umejiganga, ukamsahau mgonjwa." Ndipo nikamwambia habari ya jikoni la zamani. Kicheko kilikoma. Akaweka kikombe chini, akavua kofia, na uso wake ukawa wa mtu aliyefiwa. "Yule mama alala kwenye moshi kwa ajili yangu? Kwa kuniheshimu mimi?" Nilimwambia ndiyo. "Kwetu joto ni adui, Raheli," alisema mwisho. "Tangu nizaliwe nimejifunza kulifungia mlango. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali utalifungulia."

Kujua kosa ni jambo moja, kulirekebisha ni jingine. Asubuhi iliyofuata Athmani alizunguka nyumba ile mara nyingi, mikono nyuma. Matundu tulijua la kuyafanya: tungeyawekea vibao vya kufungua mchana na kufunga jioni. Lakini kufunga hewa hakuleti joto, kunazuia tu lililopo lisitoke, na ndani halikuwemo. Saa ya chai ilifika tukiwa hatuna jibu. Mama Selina akaleta birika na viazi vitamu, nasi tukaenda kukaa pale tulipokaa kila siku tangu mwezi wa pili, chini, juu ya magunia, migongo yetu ikiegemea ukuta wa udongo wa jikoni la zamani, upande unaotazama jua. Mimi, Athmani, mama mwenyewe, na ndama wawili waliokuwa wamelala wamejibana kwenye ukuta uleule. Athmani alimega kiazi akasita. Akatazama baraza yetu nzuri ya mashariki, ng'ambo ya ua, na kiti chake laini cha kujengea. Kilikuwa kitupu. Kilikuwa kitupu siku zote. "Jamani," alisema taratibu, "hivi kuna mtu amewahi kukaa pale?" Nilifikiri. Hakuna. Hata ndama hawakuwahi. Mama Selina alisogeza macho kwenye birika, akasema kwa adabu, "Pale ni kuzuri sana, mwanangu. Ni ya wageni."

Nikaweka kiganja ukutani nyuma yangu, nikakiacha hapo. Ulikuwa na joto la mkate. Nikamkumbusha Athmani kwamba huku mvua ni ya alasiri na jua ni la asubuhi, basi ukuta wa mashariki ndio pekee wenye riziki ya kila siku, na sisi tulikuwa tumeujengea mwavuli. Yeye akaongeza lile alilolijua na mimi sikulijua: kwamba ukuta mnene hunywa jua polepole na kulitema polepole, kwamba kwao wazee huukimbia ukuta kama huo jioni na kulala uani, kwa sababu joto la asubuhi huwafikia ndani wakati wa kulala. "Twaulaani," alisema. "Kumbe ni dawa, ila tulikuwa tunampa asiyeumwa." Ilitubidi sasa kumkabili Mama Selina. Athmani alipiga magoti mbele yake kwenye magunia, akamwomba radhi, na mama akaficha uso kwa leso. "Nani amekuambia? Mimi sikulalamika." "Hukulalamika, mama. Ndilo kosa lako la pekee," alisema Athmani, na kwa mara ya kwanza nilimwona Mama Selina akimpiga mtu mzima kofi la begani kwa upendo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye lazima aseme panapouma.

Tukabomoa baraza. Iliniuma, maana plasta yake ilikuwa kazi ya mikono yangu. Tukaurudisha nyuma upenu wa upande ule, tukajenga ukuta wa pili nje ya ule wa kwanza, umegusana nao, mpaka ukawa mnene kama urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Chokaa tuliikwangua, tukaupaka udongo mwekundu uliokorogwa kwa samadi ya ng'ombe, jinsi mama zetu wanavyojua, kwa sababu Athmani alisema rangi nzito hainyimi jua nafasi. Juu ya chumba tuliweka dari ya fito na magunia ili joto lisitorokee kwenye mabati. Juu ya jiko jipya tukatengeneza kidari kidogo cha kukaushia mahindi ya mbegu na kuni, maana Mama Selina alikuwa ameuliza, kwa sauti ya chini sana, mbegu zake zitakaa wapi. Kisha tukakisogeza kitanda chake kikaegemea ukuta wa mashariki. Tulifanya kazi kwa hofu. Kila nilipomsikia akikohoa nilihesabu ni wapi Jeruto amefika na mitihani ya darasa lake.

Jeruto alikuja siku shule zilipofungwa, na pikapu ya kukodi, jioni ya mvua. Aliingia na uso wa vita. Tulikuwa wote ndani, tumebaki kumngoja, Athmani na koti lake la kuazima. Mama Selina alikuwa anasonga ugali kwenye jiko jipya na moshi wote ulikuwa unakwenda zake nje. Jeruto alisimama mlangoni akisikiliza. Mama yake alikohoa mara moja, kikohozi kifupi, akaendelea kusonga. Jeruto akangoja kingine. Hakikuja upesi. Akaketi kitandani bila kuvua koti, akaegemea, halafu akageuka ghafla kuutazama ukuta kana kwamba mtu amemgusa. "Mmeweka nini humu?" aliuliza. "Stima?" "Ni jua ya asubuhi," alisema Mama Selina, akijivuna kama aliyelileta mwenyewe kwenye ndoo. Jeruto akavua koti. Baadaye akavua sweta. Alikula, na tulipokuwa tunamalizia mursik niligundua amelala, mdomo wazi, mgongo ukutani, mwalimu mzima. Dereva wa pikapu alipiga honi. Mama Selina akanituma nikamwambie arudi mjini, na asiende mikono mitupu, abebe gunia la viazi.

Kifua hakikupona kabisa. Sitaki kusimulia muujiza ambao haukuwepo. Lakini alibaki kwake, na ng'ombe wake, na mzee wake chini ya msindano, hadi wajukuu wakamzidi urefu. Athmani alirudi Kilifi mwaka ule ule. Nilipompigia kumpa habari za msiba alisoma dua, kisha akauliza, "Na ukuta, Raheli? Wasimama?" Nikamwambia unasimama.

Tulimzika Mama Selina Julai hii, kwenye baridi ileile. Watu walipoondoka Jeruto alinishika mkono tukaingia chumbani. Kitanda kilikuwa pale pale. Udongo mwekundu ulikuwa umepakwa upya, bila shaka kwa mikono ya marehemu mwenyewe. Tukaketi, tukaegemea wote wawili, maana hakuna namna nyingine ya kukaa kwenye kitanda kile.

"Nilikuja kumsalimia jioni," alisema Jeruto. "Nikampata amelala, ameangalia huku. Nikapitisha mkono nyuma yake nimfunike vizuri, mgongo iko na joto. Nikasema wacha apumzike. Nikatengeneza chai, nikakaa hapa na yeye, nikamwambia stori zote za shule, vile nimekuwa nikifanya. Rael, nimeongea mpaka chai ikaisha. Ndiyo nikashika mkono yake, ikawa baridi kabisa."

Nje mvua ilikuwa imeanza.

"Mkono ilikuwa upande ya chumba," alisema. "Mgongo ilikuwa upande ya ukuta."